Kuuza mayai ya nyumbani: sheria inataka nini, na haitaki nini

Mwaka jana jirani yangu alirudi kutoka sokoni na trei zake mbili vilevile alivyoondoka nazo. Hakuuza hata yai moja. Mtu mmoja aliyevaa koti jeupe alimsimamisha kwenye lango la soko moja la huku magharibi, akamuuliza "leseni ya kuku" iko wapi. Alipojibu hana, akaambiwa atoe shilingi elfu moja mia tano au aondoke. Hakuwa nazo, akaondoka. Wiki ile ile akamuuzia dalali kuku wake wote kumi na wanane kwa bei ya kutupa, kwa hofu kwamba watakuja kumfuata nyumbani. Mayai yale ndiyo yaliyokuwa yakimlipia mwanawe chakula cha shule.

Wazee wetu wa pwani walisema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui. Huyu wa jirani yangu alitaga vizuri tu. Kilichomponza bibiye ni kutojua sheria.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na huu ni mwaka wa saba tangu niolewe huku Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma, kwenye barabara iendayo Chwele. Huku kuku ni heshima. Mgeni akiondoka bila kuchinjiwa, nyumba inasemwa. Mavyaa wangu alinipa kuku watano nilipofika, akaniambia, "Anzia hapo, mwanangu." Leo ninao arubaini na wawili. Wateja wangu ni majirani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii waliopanga vyumba karibu nasi, na mama mmoja mwenye kihoteli.

Yaliyomfika jirani yangu yalinitia hofu na mimi. Nikaanza kuuliza maafisa wa mifugo na wa afya, na kusoma sheria zenyewe. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa sababu sheria hizi za taifa ni zile zile Bungoma, Kisauni, Malindi na Lamu. Na nitasema mapema: katika kusoma huko niligundua kwamba leseni tuliyokuwa tukiiogopa haipo, lakini sheria niliyokuwa nikiivunja mimi mwenyewe ipo.

Hakuna leseni ya kuku arubaini

Tuanze na hilo koti jeupe. Hakuna sheria ya taifa inayomtaka mtu mwenye kuku wachache nyumbani akate leseni ya kuwafuga wala ya kumuuzia jirani mayai. Kutotoa vifaranga vya kuuza kwa mashine ni biashara nyingine, ina kanuni zake. Lakini kuku wa kutaga nyuma ya nyumba, la.

Kaunti nazo zina mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kazi ya kusimamia masoko, leseni za biashara, huduma za mifugo, na wale wanaouzia umma chakula. Kwa hiyo kaunti inaweza kutoza ada sokoni. Lakini Kifungu cha 210 cha Katiba hiyo hiyo kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa. Maana yake kwa mama mwenye trei kichwani ni nyepesi: kila ada ya kaunti lazima iwe imeandikwa kwenye sheria, aghalabu Sheria ya Fedha ya kaunti, na ukilipa upewe risiti rasmi. Anayekudai ana wajibu wa kukuonyesha kitambulisho cha kazi na kukutajia ada hiyo ni ya nini.

Ushuru wa soko wa siku, ule wa kuweka bidhaa chini, ni halali. Ulipe, uweke risiti. Lakini pesa isiyo na risiti si ushuru, na "leseni ya kuku" isiyo na jina kwenye sheria yoyote si leseni. Jirani yangu angeuliza tu, "Risiti utanipa?" huenda yule bwana angetafuta njia nyingine ya kupita.

Yai linaloanzia mlangoni kwako

Sheria yetu haihesabu kuku. Inalifuata yai: linakwenda kwa nani, na limefanywa nini njiani. Kadiri yai linavyokwenda mbali na banda lako, ndivyo wajibu unavyoongezeka. Lakini hata likiishia kwa jirani wa ukuta mmoja, kuna mambo mawili hayana msamaha.

La kwanza ni usalama. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kuuza chakula chenye sumu au kitu cha kudhuru, kilichooza, au kisichofaa kuliwa na binadamu. Haisemi "isipokuwa ukiuza nyumbani". Yai viza ni yai viza, liwe la supamaketi au la kikapu.

La pili ni ukweli. Sheria hiyo hiyo inakataza kuuza chakula kwa namna ya kumdanganya mnunuzi, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa yoyote. Hapa wengi wetu tunajikwaa. Yai la kienyeji lina bei kuliko la kuku wa kisasa. Ukinunua trei ya gredi mjini, ukayachanganya na ya kwako na kuyauza yote kama kienyeji, hilo si ujanja wa biashara, ni kosa. Ukiambiwa "ni ya leo?" na wewe unajua ni ya juma lililopita, jibu la haki ni lile la juma lililopita.

Kwa vitendo, mambo machache yanakuweka upande wa salama. Okota mayai mara mbili kwa siku. Andika tarehe kwa penseli kwenye ganda. Weka mahali penye ubaridi na kivuli. Lenye uchafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu. Usiliroweke kwenye maji baridi, maana ganda lina matundu madogo na utando wa kuyaziba, na ukiosha vibaya utando unatoka na vijidudu vinaingia. Lenye ufa usiliuze, lile mwenyewe likiwa bichi la siku hiyo na lipikwe likaive. Usiku lipitishie tochi: ukiona kivuli cheusi au mishipa, litoe.

Kosa langu mwenyewe

Sasa nakuja kwenye lile lililonitoa jasho. Miezi michache kabla ya kisa cha jirani, kuku wangu walianza kukohoa na kutoa makamasi. Nikaenda dukani kununua dawa. Muuzaji akanipa pakiti ya antibiotiki ya kuchanganya na maji, akanionyesha kijiko cha kupimia. Nikawapa siku tano. Wakapona. Na kila siku katika siku hizo tano niliokota mayai na kuyauza kama kawaida. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mtoto aliyekuwa ndio kwanza anaanza kula. Mamake alinunua kwangu yai moja kila asubuhi amchemshie.

Nilipokwenda kuuliza habari za leseni, afisa wa mifugo hakuniuliza kuhusu leseni hata kidogo. Aliniuliza, "Mara ya mwisho uliwapa dawa lini, na mayai uliyapeleka wapi?" Nikarudi nyumbani, nikaitafuta ile pakiti kwenye takataka za banda. Maandishi yalikuwepo, madogo, upande wa nyuma: baada ya dozi ya mwisho kuna idadi ya siku za kungoja kabla ya mayai kuliwa na watu. Mimi sikungoja hata moja.

Dawa anayopewa kuku haishii kwenye kuku. Sehemu yake huingia ndani ya yai. Mlaji anapata masalio ya antibiotiki ambayo hakuandikiwa na daktari, na kidogo kidogo vijidudu vinazoea dawa hizo mpaka siku mtu akizihitaji kweli hazimsaidii. Ndiyo maana kila dawa ina siku zake za kungoja, na nyingine hazifai kabisa kwa kuku wanaotaga. Yai la siku hizo, mbele ya Sura ya 254, si chakula cha kuuzwa.

Mtoto yule hakuugua, nashukuru. Lakini nilikwenda kwa mamake nikamwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza siku zile ni zipi. Nikamtajia. Alikaa wiki mbili bila kununua kwangu, na nilimwona ana haki.

Tangu hapo nina daftari. Tarehe ya dawa, jina la dawa, siku za kungoja, tarehe ya kuanza kuuza tena. Mayai ya katikati nayafukia. Inauma, maana kila yai ni shilingi ishirini, lakini kanuni hii haina njia ya mkato. Na kabla ya kununua dawa, muulize daktari wa mifugo au msaidizi wake aliyesajiliwa. Tangu 2011 kuna sheria inayosema nani anaruhusiwa kutibu wanyama, na mwenye duka kuwa na rafu ya dawa hakumfanyi daktari.

Kuku wakiugua, mdomo usifungwe

Jambo jingine ambalo tunalivunja bila kujua ni la magonjwa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inayo orodha ya magonjwa ambayo mwenye mnyama akiyashuku lazima atoe taarifa na awatenge wagonjwa. Kwa upande wa kuku, kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, umo. Na homa ya matumbo ya kuku imo.

Sote tunajua kinachofanyika. Kideri kikiingia kijijini, kabla jua halijatua kuku wote waliobaki wamefungwa miguu na kupakiwa kwenye boda kwenda sokoni. Tunajiambia tunaokoa hasara. Kumbe tunaupeleka ugonjwa kwa mwingine, na sheria inatuhesabu wakosaji. Piga simu kwa afisa wa mifugo wa kaunti ndogo yako, au mwambie chifu amfikishie. Kutoa taarifa si kujishtaki.

Bora zaidi ni chanjo. Shirika la serikali la KEVEVAPI linatengeneza chanjo ya Newcastle iitwayo AVIVAX, na hupatikana katika maduka mengi ya dawa za mifugo. Wenye kuku wachache tunaweza kununua chupa moja tukashirikiana nyumba tano, kwa sababu chupa ikishachanganywa haiwekwi.

Sokoni, dukani, na kwenye sufuria

Yai likitoka mlangoni kwako kwenda sokoni, linaongezewa ushuru wa soko. Ukifungua kibanda au duka la kuuzia, hapo unahitaji kibali cha biashara cha kaunti, na ada yake inategemea ukubwa wa biashara. Ukimuuzia mwenye duka au hoteli, kibali hicho ni chake, si chako, lakini ana haki ya kukuuliza mayai yametoka wapi na lini.

Ukilichemsha yai, mambo yamebadilika kabisa. Mama anayeuza mayai mabichi ni mfugaji anayeuza zao lake. Mama anayeuza mayai yaliyochemshwa, na kachumbari na pilipili, ni muuza chakula. Atatakiwa awe na cheti cha afya cha mshika chakula, ambacho hupimwa upya kila miezi sita, na sehemu anayouzia ikaguliwe na afisa wa afya ya umma chini ya Kanuni za Usafi wa Chakula. Vijana wetu wa pwani wanaotembeza ndoo za mayai jioni, hili linawahusu moja kwa moja.

Ukitaka kupanda tena, uweke mayai kwenye boksi lenye jina lako na kuyapeleka supamaketi, utaulizwa alama ya ubora ya KEBS, chini ya Sheria ya Viwango, Sura ya 496. Kwa mtu mmoja mwenye kuku arubaini huo ni mzigo mzito. Kwa kikundi cha akina mama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, unaweza kubebeka.

Je, na kodi?

Hili ndilo linalowatisha wengi, na kwa wengi wetu ni hofu bure. Chukua hesabu yangu. Kuku arubaini na wawili hunipa wastani wa mayai ishirini na tano kwa siku. Kwa shilingi 20 ni shilingi 500 kwa siku, kama 182,500 kwa mwaka, kabla sijatoa chakula na chanjo.

Kodi ya mauzo ya biashara ndogo huanza mtu anapouza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka. Ili nifike hapo nahitaji kuuza mayai 50,000, yaani kama 137 kila siku. Siko karibu. VAT haitozwi kwenye mazao ya shamba ambayo hayajasindikwa. Na kodi ya mapato hukatwa kwenye faida, si kwenye mauzo. Unafuu wa shilingi 2,400 kwa mwezi hufanya faida ya hadi 288,000 kwa mwaka isibaki na kodi ya kulipa, kama huna mapato mengine. Ila ukiwa na PIN, ritani lazima uwasilishe kabla ya 30 Juni kila mwaka, hata kama ni ya sufuri.

Kulikuwa na kero nyingine. Ilipokuja ankara ya kielektroniki ya eTIMS, wenye shule na hoteli walianza kuwakataa wafugaji wadogo kwa sababu hawakuweza kuwapa ankara. Mama wa kihoteli aliniambia hivyo hivyo. Marekebisho ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2024 yamelegeza hilo: mfugaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka, ni mnunuzi ndiye anayetengeneza ankara. Kwa hiyo ukiambiwa "hatununui kwako, huna eTIMS", mwambie kwa upole kwamba kazi hiyo sheria imempa yeye.

Mayai ya ng'ambo ya mpaka

Sisi wa Bungoma tuna jambo ambalo pwani ya kaskazini haina: Lwakhakha na Malaba ziko karibu, na mayai ya Uganda mara nyingi huwa nafuu. Kuna wanaoyapitisha usiku kwa pikipiki na kuyauza kama ya hapa. Kuingiza mayai kunahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, na sababu si kodi peke yake. Januari 2017 Uganda ilipotangaza homa ya mafua ya ndege, Kenya ilisimamisha mara moja kuku na mayai kutoka huko. Yai lisilojulikana lilikotoka haliwezi kufuatwa siku ugonjwa ukizuka. Wenzetu wa Vanga na Lunga Lunga, walio karibu na mpaka wa Tanzania, kanuni ni hiyo hiyo.

Wenye kuku mjini

Mkiwa Majengo, Mji wa Kale au Shela, swali la kwanza si kuuza, ni kufuga. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inakataza kuweka wanyama kwa namna inayowadhuru au kuwakera majirani. Samadi inayonuka na nzi kwenye dirisha la mwenzako vinatosha kukuletea afisa wa afya. Uliza pia sheria ndogo za manispaa yako na mkataba wa nyumba uliyopanga. Kuku sita safi kwenye uwanja mdogo hawana ugomvi na mtu. Kuku hamsini kwenye roshani wanao.

Wenzetu wa nje wamekwenda mbali zaidi. Uingereza, tangu 1 Oktoba 2024, hata mwenye kuku mmoja lazima amsajili. Hata hivyo huko, kama ilivyo katika nchi za Umoja wa Ulaya, mwenye kuku wasiozidi hamsini anaweza kuruhusiwa kuuza kwa mnunuzi wa mwisho bila kupiga mhuri kila yai. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, msamaha huo ukitolewa kwa mauzo ya sokoni, jina na anwani ya mfugaji lazima vionekane pale anapouzia. Hilo la jina na anwani halihitaji tusubiri sheria. Kipande cha karatasi juu ya trei chenye jina lako, kijiji na tarehe hakigharimu kitu, na mnunuzi hujua akirudi atamkuta nani.

Jirani yangu nilimsomea haya yote, yeye na mavyaa wakiwa wamekaa jikoni kwangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Sasa kuku wangu nitawapata wapi?" Sikuwa na jibu la sheria kwa hilo. Nilimpa matetea wanne na jogoo mmoja. Mavyaa akaongeza kikapu, na daftari la kurasa thelathini na mbili alilonunua mwenyewe, akamwambia aandike kila kitu, kuanzia siku ile.